Mama wa Busi alikuja dukani kutafuta mkanda wa kamera ya Mjerumani. Tulichokikuta ndani kilitutoa jasho

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Hili nililiona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Asiyeamini sitamlaumu, maana hata mimi kuna siku nashindwa kuamini.

Miaka ya tisini mwishoni nilikuwa nauza kwenye duka la picha hapa Dodoma mjini. Nyie wa smartphone hamjui shida za enzi hizo. Mtu kaazima kamera, kesho ana sherehe, anaingia mbio: "Nipe mkanda." Mkanda upi? Hajui.

Kazi yangu ilikuwa kumuuliza taratibu. Unapiga nje au ndani? Kamera ina flash? ASA ni kipimo cha mkanda unavyonasa mwanga; kwa jua hili letu, ASA 100 inakutosha kabisa. Kama ni ukumbini jioni, chukua 400.

Halafu namwonya: usifungue kamera katikati eti unachungulia zimebaki ngapi, mwanga utaunguza picha zote. Na bado walifungua! Jamaa mmoja wa Ihumwa aliunguza picha zote za ubatizo wa mwanawe, akaja kunigombeza mimi.

Haya, turudi kwenye point.

Asubuhi moja akaingia mama wa makamo, ushungi umejaa vumbi la safari. Katoka Busi, kule Kondoa. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, akaweka begi la ngozi juu ya kaunta.

"Mwanangu, binti yangu anaolewa. Nataka mkanda unaoingia humu."

Wakuu, nilichoka. Ndani kulikuwa na kamera ya mbao, ile ya kukunjuka kwa mbele, nzito kama jiwe la kusagia.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Ya babu yangu. Alikuwa mtu wa Mjerumani pale bomani. Mjerumani alipowakimbia Waingereza, akamwachia. Kwetu hii ndiyo heshima ya ukoo."

Nikamweleza kwamba kamera hii haitumii mkanda. Inatumia vioo vilivyopakwa dawa, kioo kimoja picha moja, na vioo hivyo havipo tena madukani. Ili anielewe nikachomoa nyuma ya kamera kikasha chembamba cha kuwekea kioo, nikashika kifuniko nikivute.

Nikahisi uzito. Kuna kitu ndani.

Nikakiachia kifuniko hapo hapo. Ningevuta kidogo tu pale kwenye mwanga, kwisha habari.

Nikamwita bosi, mzee aliyeanza kusafisha picha kabla sijazaliwa. Akakitikisa karibu na sikio. "Kioo kipo. Kama kimepigwa, sijui." Akamwambia yule mama ukweli: dawa huenda ilishakufa, na tukijaribu tunaweza kukiharibu.

Mama akajibu, "Jaribuni. Sina picha ya babu hata moja."

Tukaingia chumba cha giza. Nilijua hakuna kitu. Miaka yote ile, joto, panya, moshi wa jikoni!

Picha ikaanza kuja.

Ilikuwa na ukungu, pembe moja imeliwa kabisa, lakini katikati ilikuwa safi. Tukaichapa kwenye karatasi.

Ukuta wa boma. Mtu kalazwa kifudifudi, wawili wamemshika mikono na miguu. Juu yake kasimama kijana mwenye tarbushi, kiboko mkononi, anaitazama kamera.

Anatabasamu.

Hamsa ishirini, wakuu. Zile tulizosoma kwenye historia, viboko ishirini na tano vya Mjerumani. Na yule kijana mwenye kiboko alikuwa na uso wa yule mama aliyekaa pale nje. Paji lile lile, mwanya ule ule.

Bosi akaninong'oneza, "Mwambie kioo kimekufa. Ana harusi huyu."

Nikatoka na uongo ule mdomoni kabisa. Mama akainuka, uso unang'aa. "Imetoka?"

Nikashindwa. Nikampa.

Aliitazama muda mrefu. "Ndiye. Nilimwahi akiwa mzee, alikuwa akinibeba mgongoni." Kisha kidole chake kikashuka hadi kwa yule aliyelazwa, kikabaki hapo.

"Kijijini kwetu kuna ukoo hawaji kwenye misiba yetu," akasema polepole. "Harusi hawaji. Tangu nazaliwa. Nikiuliza naambiwa wana wivu."

Kiti kilikuwepo, lakini alikaa sakafuni.

Nikafanya ninachokijua. Nikamwazima kamera ndogo ya dukani, nikampakilia ASA 100 kwa kuwa harusi ilikuwa uwanjani mchana, nikamfundisha pa kubonyeza. Picha ile akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda zake.

Baada ya harusi alirudi kusafisha mkanda. Katika picha moja, pembeni ya bibi harusi, kakaa mkekani mzee mwenye bakora. Nikamuuliza ni nani.

"Mkubwa wa ule ukoo. Nilimpelekea ile picha kabla ya harusi. Nikapiga magoti, nikaanza kulia hata sijasema neno."

"Akasemaje, mama?"

"Akasema, 'Huyo aliyelala ni baba yangu. Sisi tumejua siku zote, binti yangu. Tulikuwa tunangoja mjue nyinyi.'"

Wakuu, nywele zilinisimama. Mpaka leo nikiandika hapa zinasimama.

Nilichojifunza ni kimoja. Usimwamulie mtu mzima ukweli upi anauweza na upi hauwezi. Sisi wawili mle gizani, tena kwa huruma, tulikuwa karibu kuwafungia mlango watu waliongoja miaka yote hiyo.

Wewe ungempa ile picha siku ile, au ungesema kioo kimekufa? Na kama kwenu kuna ukoo msiosalimiana nao na hakuna anayejua chanzo, mwaga hapa. Nasoma comment zote, hata za kunitukana.