Fimbo za Mama Mkwe

Baba mkwe wangu aliniletea mfuko wa fimbo za gofu miezi minne baada ya kumzika mke wake. Alikuja kwetu Yamumbi asubuhi na pikapu yake, akaushusha mwenyewe, akausimamisha kando ya kochi. Mume wangu aliinuka kumsaidia, mzee akakataa.

"Hizi sasa ni zako," akaniambia. "Jumamosi saa mbili nitakupitia."

Nikasema, "Asante, Baba." Hiyo asante ilinifunga karibu mwaka mzima.

Lazima nieleze kwa nini sikuweza kukataa. Mimi ni mtoto wa Burnt Forest. Wazazi wangu, Wakikuyu, walihamia huko kutoka Mkoa wa Kati, wakalima viazi, na nyumba yetu ikachomwa zile ghasia za uchaguzi nikiwa darasa la sita. Miaka mingi baadaye, niliposema naolewa na Mkalenjin wa Kesses, kutoka upande uliotufukuza, mama yangu hakugomba wala hakulia. Alinyamaza siku tatu. Upande wa mume wangu nako wajomba waliapa kwamba hawatakanyaga kwetu. Mzee huyu ndiye aliyekanyaga. Alikuja na mke wake, akaketi kwenye kiti cha plastiki katika nyumba tuliyoijenga upya, akamwambia mama yangu, "Sijui niseme nini juu ya yaliyotokea hapa. Lakini nimekuja kuomba binti." Sasa mtu kama huyo akikuletea fimbo, utamwambia hutaki?

Mume wangu alikuwa ameukataa mchezo huo tangu akiwa kijana, na hakuna aliyemuuliza tena. "Nenda mara mbili tatu," aliniambia jikoni kwa sauti ya chini. "Atachoka."

Jumamosi ya kwanza alinipitia saa mbili kamili. Pale uwanjani wanaume wanne walikuwa wamesimama nyuma yetu wakingoja zamu yao. Nilivaa glavu ya mama mkwe. Ilikuwa imekauka ikashika umbo la vidole vyake, virefu kuliko vyangu, na kila nilipokunja mkono, ncha zilibaki tupu.

Kwa heshima ya kwao, mzee hamgusi mke wa mwanawe. Kwa hiyo alinifundisha akiwa amesimama hatua tano kutoka kwangu, ameshika hewa. "Mkono wa kushoto juu. Hivi. Wa kulia chini. Hapana, si hivyo. Hivi." Nikaiga nisichokielewa. Mwishowe akamwita mama mbebaji wa pale uwanjani aliyekuwa amebeba mfuko wangu, mtu wa makamo aliyembebea mama mkwe fimbo kwa zaidi ya miaka kumi. Yule mama akanishika vidole kimoja kimoja, akavipanga juu ya fimbo.

"Legeza," akaninong'oneza. "Unaishika kama jembe."

Nilipiga, nikakosa. Nikapiga tena, nikang'oa udongo, mpira umekaa palepale unanitazama. Mara ya tatu upepo tu. Mmoja wa wale wanaume akakohoa.

"Usiangalie watu," mzee akasema. "Angalia mpira."

Mara ya tano ukasogea, ukatambaa kwenye nyasi hatua chache ukalala. Mzee akapiga makofi. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akitabasamu. Tulipokuwa tukirudi garini akaniuliza, "Umependa?"

"Nimependa sana, Baba."

Uongo huo ulizaa mwingine. Kwa sababu nimependa, aliniletea viatu. Kwa sababu nimependa, aliwaambia wazee wenzake kanisani kwamba hatimaye kuna mtu katika familia aliyerithi mchezo, na Jumapili wakawa wananisalimu kwa kunionyesha mkono unaozungusha fimbo. Mimi ni mwalimu, na Jumamosi ndiyo siku yangu pekee isiyo na shule wala kanisa. Zamani nilikuwa nikiitumia kwenda kwa mama yangu. Sasa nilikuwa namwona mara moja kwa mwezi, nikiwahi, Jumapili jioni.

"Kwani umeolewa na huo uwanja?" mama aliniuliza kwenye simu.

Ubaya wa gofu ni kwamba ukishaanza huwezi kutoka katikati. Mbele kuna watu, nyuma kuna watu, na wote wana haraka ya kimyakimya. Mtu anapopiga, hairuhusiwi kuongea wala kusogea, hata kivuli chako hakitakiwi kimpitie. Nilisimama hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, nimeshikilia pumzi, nikitazama barabara ng'ambo ya ua, ambako watu walipita na mikokoteni ya kabichi, nikiwaonea wivu. Fimbo zilikuwa ndefu kwangu. Mama mkwe alikuwa mrefu. Nilijifunza kuzishika chini kidogo kwenye mpini, na mzee alipoona akasema, "Yeye hakuwa anashika hivyo," kisha akageuza uso.

Niliwahi kumuuliza yule mama wa mfuko kama yeye hucheza. Akacheka. "Jumatatu, siku yetu sisi wabebaji. Nina fimbo tatu tu, za kuokota."

Halafu mzee akaniandikisha kwenye mashindano ya wanawake wanaoanza. Hakuniuliza. Alinipigia simu kwa furaha, na nikasikia sauti yangu ikimwambia, "Sawa, Baba." Usiku sikulala. Mume wangu akasema, "Si umwambie tu ukweli?" Nikamuuliza, "Wewe mwenye baba umemwambia nini?" Akageukia ukutani.

Siku ya mashindano, tukielekea kishimo cha saba, mpira wangu uliingia kwenye shimo la mchanga, mtego wa kunasia mipira. Nikashuka nikapiga. Mchanga ukaruka, mpira ukarudi miguuni. Nikapiga tena, na tena. Shimo lilikuwa na kina kiasi kwamba nilipoinua macho niliona tu viatu vya wenzangu ukingoni, na vya mzee, aliyekuwa akitufuata. Baada ya mara ya tisa nikaacha kuhesabu. Nikainama, nikaokota mpira kwa mkono, nikapanda nikasimama mbele yake.

"Baba, mimi siupendi huu mchezo. Sijawahi kuupenda."

Wenzangu wakatangulia taratibu. Mzee akavua kofia, akaitazama ndani kama anatafuta kitu.

"Mbona ulisema unapenda?"

"Ningesemaje, Baba?"

"Ungesema tu. Mimi si askari." Akaivaa tena kofia. "Sasa Jumamosi mimi nitakuwa nikienda wapi?"

Tukatembea hadi garini, yeye mbele mimi nyuma, na akanifikisha Yamumbi.

Majuma matatu hakuja. Nilikwenda kwa mama yangu Jumamosi zote tatu, na huko nako sikutulia. Simu ikilia naruka. Mume wangu alikuwa akinitazama kama mtu aliyevunja chombo cha nyumba. Juma la nne nikachukua mfuko, nikaenda Kesses kuurudisha. Mzee alikuwa kwenye zizi, ng'ombe akikamuliwa.

"Weka hapo," akasema. Kisha akaongeza, "Kuna mtu atautumia. Nimecheza naye Jumatatu mbili. Ananishinda, yule mama wa mfuko." Alisema hivyo bila kunitazama, na akaivuta kofia mpaka masikioni kwa aibu au kwa baridi, sikujua.

Nilifikiri nitahisi nimefunguliwa. Badala yake tuliketi sebuleni kwake na chai, na kwa mara ya kwanza hatukuwa na la kuzungumza. Bila mpira wa kuutazama hatukujua macho tuyaweke wapi. Nikagundua kwamba katika mwaka ule wa mateso tulikuwa tumeongea zaidi kuliko katika miaka yote ya ndoa yangu.

Akaweka kikombe chini. "Mama yako hajambo?"

"Hajambo, Baba. Miguu tu inamsumbua."

"Jumamosi nitakupeleka nikamsalimu."

Alikuja kweli, na gunia la mahindi na maziwa ya mtungi. Mama yangu alimkaribisha, akampakulia viazi, akamtazama akila mpaka nusu ya sahani. Ndipo akasema kwa Kiswahili chake cha Kikikuyu, "Nasikia ulikuwa umemfunga msichana wangu huko uwanjani."

Nilitamani sakafu inimeze. Mzee akaacha kutafuna, akaniangalia, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mama akamwongezea viazi.