Kanga Kwenye Kamba

Mama alipopata kiharusi, mkono wake wa kushoto ulibaki ukining'inia kama si wake. Miaka yote alikuwa akianika na kugeuza dagaa kwenye mchanga wa ufukwe wa Kibirizi kwa mikono miwili, na hofu yangu kubwa ilikuwa kwamba hatarudi huko tena.

Mtaalamu wa fiziotherapia alimsikiliza akieleza kazi zake, kisha akatoa mazoezi ambayo hayakunipendeza. Mama aanike nguo mwenyewe kila asubuhi, mkono wa kushoto ndio uinue, wa kulia usaidie tu. Achambue dagaa wa mboga kwa vile vidole vizito. Akichoka apumzike, asijilazimishe. Halafu akanigeukia.

"Wewe kazi yako ni kukaa."

Kukaa ndiko nisikokuweza. Kushona nilijifunza mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu, na mshono ukipinda kidogo nafumua nguo nzima. Nikatafuta na video za mazoezi. Nikawa namrekebisha mama kiwiko, bega, hata anavyovuta pumzi, mpaka akalalamika kwamba afadhali yule mtaalamu, yeye angalau ana huruma.

Lakini kilichoninyima raha zaidi ni majirani. Kwetu Ujiji mgonjwa hashiki kazi wakati binti yake yupo. Wanawake waliokuja kumjulia hali walimkuta kwenye kamba akianika. Mmoja wao, jirani wa nyumba ya pili, akamchukulia kanga mkononi, akaianika yeye huku akinitazama.

"Kumbe mwenzetu una binti wa pambo," akasema, na wenzake wakacheka.

Maneno yale yalinikaa kifuani. Kesho yake nikafunga kamba nyingine nyuma ya nyumba, karibu na choo, ili mama afanye zoezi bila kuonekana. Mama aliitazama kamba, akanitazama na mimi.

"Unanificha, mwanangu? Nimeiba?"

 Mama akakwapua kanga kwenye beseni kwa mkono mzima, akarudi mbele. Yule jirani alikuwa barazani kwake. Alipomwona akanyanyuka kuja kumsaidia.

"Hii ni dawa yangu, dada," mama akamwambia. "Unataka uninywee?"

Jirani akarudi kukaa. Mimi nikakaa kizingitini, nikaikalia mikono yangu. Kanga ikapanda hadi usawa wa kifua, ikaanguka mchangani. Mama akapumzika. Akaiokota, akainua tena, kiwiko kimetoka nje, vibaya kabisa, na safari hii ncha yake ikapita juu ya kamba. Ikabaki upande, imejaa mchanga, nusu yake inaburuza chini.

Nikainuka. Mama hakugeuka.

"Iache hivyo hivyo."

Nikaketi. Upepo wa ziwa uliipigapiga ile kanga mpaka adhuhuri. Nilishika cherehani, nikaiacha, nikashika tena, na kila mara macho yalirudi kwenye lile pindo lililokuwa mchangani.