Feni ya Gari la Kanisa na Safari ya Kuwachukua Wazee wa Usenge

Sifa zote ni za Mungu, aliyeliweka ziwa mahali pake na kutuwekea sisi makao kando yake. Namshukuru kwa kunihifadhi nikafika umri huu wa kusimulia mema yake, na namwomba aninyoshee mkono nisiongeze wala kupunguza katika haya ninayoyaandika.

Sababu ya safari yangu ilikuwa dada yangu Dorka. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Daktari mmoja wa macho, aliyekuwa akizunguka hospitali mbalimbali, alifika Kisumu kwa siku tatu tu. Dorka alikuwa mjane pale Usenge, akiishi kwa kukausha omena, dagaa wa ziwa letu, na kuuza, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Niliambiwa kwamba siku ya tatu wangepokea wagonjwa kutoka mbali, lakini lazima wawe wameandikishwa kabla ya saa nne asubuhi. Jioni yake daktari angepanda gari moshi aende zake, na hakuna aliyejua kama angerudi.

Kanisa letu lilikuwa na gari dogo la abiria, tulilolinunua kwa mkulima mmoja wa milimani. Kwa sababu ya baridi ya huko, gari lilikuwa na hita, na feni yake ilipuliza hewa ya moto kwenye kioo cha mbele. Sisi watu wa joto tuliicheka hita ile mpaka msimu wa mvua ulipofika, tukajua kazi yake. Kioo kikishika ukungu, feni ndiyo ya kukisafisha. Lakini feni yetu ilikuwa na tabia ya kigeugeu. Leo inafanya kazi, kesho imenyamaza.

Saa tano asubuhi ya siku ya pili tuliondoka Kisumu, mimi na Odera, kijana wa makamo aliyekuwa dereva wetu na fundi wetu pia. Feni ilivuma vizuri. Tulipofika Maseno ikazima. Gari likaingia shimoni, ikawaka. Mbele kidogo ikazima tena, na Odera akaigonga dashibodi kwa ngumi.

"Unaipiga mali ya Bwana?" nikamwuliza.

"Mzee, hii siyo kupiga. Ni kubisha hodi."

Sikucheka. Miezi miwili nyuma alisema ni fyuzi, tukanunua fyuzi. Kisha akasema ni mota, tukatafuta mota nyingine. Mimi nilikuwa nimewaambia wazee wa kanisa, kikaoni, Odera akiwa amekaa pale pale, kwamba fundi huyu anabahatisha tu. Yeye siku ile alitazama kofia yake tu.

Alasiri tulifika Usenge. Nyavu zilikuwa zimetandazwa ufukweni, omena zikimetameta juu yake, na wanunuzi wakibishana na wenye mashua. Dorka alikuwa ameketi mlangoni akichambua omena kwa vidole, akitoa mchanga na vikonokono. Alinijua kwa hatua zangu.

"Yakobo, umekuja na gari lile lenye jiko ndani?"

"Nimekuja nalo, Dada."

"Basi tusile jioni hii. Tutapikia njiani."

Hata hivyo alitulisha samaki wa ngege na kuon, yaani ugali. Usiku nililala mapema, nikiomba kwamba mvua isinyeshe.

Saa kumi na moja alfajiri tuliondoka na wagonjwa wanne: Dorka, mama mmoja jirani yake, na wazee wawili wavuvi ambao hawakuona tena mashua zao. Mvua ilikuwa imeshaanza. Walipanda wakiwa wamelowa, wakafunga madirisha, na pumzi yao na mvuke wa nguo zao vikapanda kwenye vioo. Feni ikavuma, kioo kikabaki safi, nami nikamshukuru Mungu kimyakimya.

Baada ya kupita Bondo mambo yaligeuka. Mvua ilipozidi Odera aliongeza mwendo wa waipa. Papo hapo feni ikazima, na waipa zenyewe zikaanza kujikokota kama mtu aliyechoka. Alipowasha taa ya kuonyesha kona, taa za dashibodi zikawa zinapepesa nayo. Kisha waipa zikasimama kabisa katikati ya kioo. Kioo kikawa cheupe kama karai la uji. Odera akasimamisha gari kando.

"Sioni kitu," akasema.

"Odera," akaita Dorka kutoka nyuma, "karibu kwetu. Sisi huku tumezoea."

Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Mimi nilipangusa kioo kwa koti langu, lakini kila nilipomaliza upande huu, ule mwingine ulikuwa umefunga, na nje maji yalimwagika kama pazia. Tulifungua madirisha, mvua ikaingia, na bado bila waipa hatukuweza kwenda. Ilikuwa karibu saa moja na nusu. Nilimwambia Odera maneno ambayo leo naona haya kuyaandika. Nilimwambia kwamba kama dada yangu atabaki kipofu, atajua ni kwa sababu ya nani.

Odera alichukua balbu ndogo aliyoifunga nyaya mbili, akalala chali chini ya dashibodi, miguu yake ikiwa nje kwenye mvua. Aligusisha waya mmoja kwenye waya unaoleta umeme kwenye feni, na wa pili kwenye chuma kitupu cha bawaba ya mlango. Balbu ikawaka vizuri.

"Umeme unafika, Mzee," akasema. "Hii mota haina makosa. Hata ile ya kwanza haikuwa na makosa. Mimi ndiye niliyekimbilia mota bila kupima."

Kisha akachukua kipande cha waya, akakiunga upande wa pili wa feni, ule wa kurudishia umeme, na ncha nyingine akaibana kwenye bawaba ile ile. Feni ikanguruma. Waipa zikaruka zikaanza kupiga kioo kwa nguvu, na wazee nyuma wakapiga makofi.

"Umeme unaingia lakini hauna njia ya kutoka," akasema. "Feni na waipa na taa hizi zote zinarudi kwa bolti moja. Shikilia hapa, nitaitafuta."

Aliufuata waya ule kwa kidole mpaka ndani kabisa, akafungua bolti kwa spana. Akaniita nichungulie. Mahali waya ulipobanwa kwenye bodi ya gari palikuwa pamepakwa rangi ya buluu, laini, mara mbili, bila hata tone lililochuruzika.

"Rangi nzuri sana hii," akasema Odera. "Lakini umeme haupiti kwa rangi. Nani alipaka mpaka huku?"

Nilijua. Kabla ya gari kuwekwa wakfu, nilikuwa nimejitolea kulipaka rangi mwenyewe. Niliona kwamba kitu anachopewa Mungu hakifai kuwa na sehemu iliyoachwa, hata pale jicho la mwanadamu halifiki. Nilifungua kila bolti niliyoiona, nikapaka chini yake, nikairudisha. Nilifanya kazi ile nikiimba.

"Ni mimi," nikasema.

Dorka alisikia. "Ndiyo maana nikawa kipofu mapema," akasema. "Mungu alinihurumia nisione kazi za Yakobo."

Alitoa kikapuni kisu chake cha kuparia samaki, akampa Odera, naye akanikabidhi mimi. Nililala chali katika matope, nikaikwangua rangi yangu mpaka chuma kikang'aa. Odera akafunga bolti. Feni haikuzima tena, hata katika mashimo ya Maseno, na tulifika hospitali saa nne kasoro dakika chache. Karani alikuwa ameshafunga daftari. Alipowaona wale wanne wameshikana mikono mlangoni, alilifungua tena.

Jumapili iliyofuata, mbele ya wazee wale wale wa kanisa, nilisimama nikamwomba Odera msamaha kwa jina. Aliinuka akanipa mkono.

"Nimesamehe," akasema, "ila Mzee asipewe brashi tena."

Nilichojifunza ni hiki: kabla sijamwuliza mwenzangu amekosea wapi, nijiulize mkono wangu umepita wapi.

Wiki kadhaa baadaye nilimrudisha Dorka Usenge, akiwa amefanyiwa upasuaji wa jicho la kulia na kupewa miwani mizito. Njiani alitazama tu. Tulipofika hakuingia nyumbani. Alisimama ghafla, akainama, akaokota kokoto, akamtupia kunguru aliyekuwa akila omena mbali, kwenye wavu wa mwisho kabisa. Alimkosa. Kisha akaketi mchangani, akalia na kucheka pamoja.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulindie macho yako na macho ya uwapendao, akufikishe mapema unakokwenda, na akuwekee njiani mtu mvumilivu kama Odera. Amina.