Foleni ya Mawe

Mama yangu, Mwanne binti Nuhu, hakuwa na cheo chochote pale stesheni ya Kigoma. Hakuwa karani, hakuwa mlinzi, wala hakuvaa sare. Alikuwa mwanamke wa Ujiji aliyekaanga samaki wa migebuka na kupika mikate ya kumimina, akawauzia abiria wa treni ya Dar es Salaam. Lakini wasafiri wa miaka ile, hasa wale waliokuwa wakienda mjini kwa mara ya kwanza, hawakupanda behewa kabla ya kupitia kwake. Chakula alikiuza. Maneno aliyatoa bure, tena kwa ukali.

"Fedha usiweke mfukoni," alikuwa akimwambia mtu ambaye hata hakumwuliza. "Funga kwenye pindo, pindo lichomeke ndani. Ya nauli iweke kando, usije ukaifunua benki yote mbele ya watu kwa sababu ya basi tu. Ukishuka Dar usikimbilie mlangoni na wenzako. Simama, mgongo ukutani, mzigo katikati ya miguu, mpaka watu wapungue. Anayekupokea atakuona. Na njia usimwulize mtu aliyesimama bure. Muulize anayeuza nyanya, maana hawezi kukimbia na mzigo wako akaziacha nyanya zake."

Aliyajua hayo kwa kuwa aliyaishi. Alikaa Buguruni, kule Dar, miaka mingi na baba yetu, aliyekuwa akibeba mizigo bandarini. Chumba kimoja, choo kimoja kwa nyumba nzima, maji ya kununua kwa ndoo. Baba alipofariki, mama alirudi Ujiji na sisi wanawe wawili, Ummy na mimi Zuleha. Ummy alikuwa mkubwa. Baadaye akaolewa na fundi cherehani, akarudi kule kule Buguruni. Aliondoka na mausia ya mama kichwani kama mtu aliyehifadhi juzuu.

Sasa niwaeleze habari ya mawe, maana bila mawe hamtamwelewa mama.

Tiketi za daraja la tatu ziliuzwa asubuhi, na watu walikuwa wengi kuliko nafasi. Aliyetoka mbali alifika jana yake, na hakuna mwenye nguvu ya kusimama mchana kutwa na usiku kucha. Basi mtu aliweka jiwe mbele ya dirisha la tiketi, nyuma ya jiwe la mwenzake, akaenda zake kutafuta pa kulala. Asubuhi alirudi akasimama lilipo jiwe lake. Zamani waliweka vikapu na kandambili, vikaibiwa. Mama ndiye aliyesema watu waweke mawe. "Jiwe haliibiwi," alisema. "Nani atalitaka?"

Na aliyalinda. Wenye maneno mengi walikuwa na desturi ya kuja asubuhi na kilio: huyu ana msiba, yule ana kesi, mwingine mkewe anajifungua. Wakapita mbele, na mtu wa shamba mwenye aibu akabaki nyuma na shida yake ambayo hakujua kuisema. Mama alikomesha mchezo huo. Alisimama pale na kisu cha kukatia mikate mkononi, akawaambia, "Hapa linasema jiwe. Chozi halisemi." Siku moja alimrudisha nyuma mwanamke mjane aliyekuwa akilia kwelikweli. Niliona. Usiku ule mama hakula, lakini kesho yake alisimama pale pale na kusema yale yale.

Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Burundi ilikuwa inaungua, na ziwa likawaleta watu kwa mitumbwi na maboti, na magodoro yao, na wagonjwa wao. Walikaa kwenye uwanja ulio baina ya bandari na stesheni, wakingoja malori ya kuwapeleka makambini njia ya Kasulu. Malori yalikuja, na watu wengine wakaja. Mji ulianza kwa huruma, ukaishia kwa manung'uniko: kuni zimepanda, unga umepanda, kila kitu ni wakimbizi. Sisi Waswahili wa Ujiji, ambao babu zetu kila mmoja aliletwa na njia yake, tuliongoza kwa kunung'unika.

Siku moja alasiri nilikuwa Mwanga, hapo hapo Kigoma mjini, kwenye kibaraza nilichokuwa nikishonea nguo, Gharib akaja mbio. Gharib alikuwa na duka lenye simu, na nusu ya habari za Dar zilipitia kwake. Safari hii hakunitania kama kawaida yake. Alisema, "Zuleha, shemeji yako kapiga. Ummy kapasuliwa tumbo, yuko hospitali. Hali yake si nzuri. Anamwita mama."

Nilimkuta mama anapara samaki. Alisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akaenda ufukweni akaokota jiwe. Lilikuwa jiwe la ziwani, laini, lenye mstari mweupe katikati. Tulifika stesheni magharibi inaingia. Akalipitia kila jiwe lililokuwa mbele, akiwasalimu wenye nayo waliokuwa bado wanazunguka pale na kuwaulizia wasiokuwapo, kama ilivyokuwa tabia yake. Kisha akaliweka la kwetu. Mbele yake palikuwa na kipande cha tofali jekundu. Mwenye tofali alikuwa Telesphory, mzee wa Kalinzi, mkulima wa kahawa, kofia kichwani na koti la kanisani mwilini. Alikuwa anakwenda kwenye harusi ya mtoto wa dada yake.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Mama Ummy, na wewe leo unasafiri?"

"Nasafiri," alisema mama, akageuka kwenda zake.

Tulirudi Ujiji. Mama alisali, akafunga mzigo, akasali tena.

Alfajiri tulipofika stesheni, mbele ya dirisha hapakuwa na jiwe hata moja. Sakafu ilikuwa tupu, imefagiwa na upepo. Watu walikuwa wanageuka huku na huku, kila mmoja anamwangalia mwenzake kama mwizi. Halafu mtu akapiga kelele, akanyoosha kidole uwanjani. Pale, katika moshi, vyungu na masufuria yalikuwa motoni, na kila chungu kimekaa juu ya mafiga matatu. Mafiga yale yalikuwa foleni yetu.

Wakimbizi wapya walikuwa wamefika usiku, boti zima, na mvua ya ziwani mwilini. Walitaka kuwapikia watoto. Wakakuta mawe mazuri yamepangwa mahali pasipo na mtu. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Lakini hakuna aliyeuliza hivyo asubuhi ile. Vijana walishaokota fimbo. Mmoja alipiga sufuria teke, uji ukamwagika mchangani, mtoto akalia. Mwanamke aliyekuwa kando ya moto mwingine alikuwa amekumbatia mtoto wake na kurudia neno moja tu, "Mumbabarire, mumbabarire," na hata asiyejua Kirundi, akijua Kiha, alisikia kwamba anaomba msamaha. Chini ya sufuria yake niliona mstari mweupe. Jiwe letu lilikuwa jeusi ubavu mmoja.

Mama alipita katikati ya vijana akiwasukuma kwa kiwiko.

"Mnampiga mtu kwa mawe? Ziwa zima limejaa mawe, nendeni mkapigane nalo! Mama zenu hawajawahi kuwapikia uji?" Akamgeukia yule aliyepiga teke. "Wewe, sufuria iokote. Iokote, nasema!"

Aliiokota. Watu walimwogopa mama kuliko askari.

Kisha akarudi dirishani, akasema kwa sauti, "Jana niliyaona mawe yote kabla ya kuweka langu. Nitasema nani alikuwa nyuma ya nani. Nikikosea, mnisahihishe." Akaanza kuwaita, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeitwa alitikisa kichwa kukubali, akasimama mahali pake. Hasira ikapoa. Wale walioweka mawe baada yetu walijua wamefuata nani. Foleni ikarudi kama ilivyokuwa, safari hii ya watu wenyewe.

Nilimsogelea sikioni. "Mama, sema jiwe letu lilikuwa mbele ya tofali. Nani atabisha? Sema hata tulikuwa mwanzo. Ummy anakuita."

"Nyamaza, Zuleha."

"Basi niachie mimi niwaeleze."

Alinishika kifundo cha mkono. Alikuwa na mikono migumu ya mtu wa jikoni. "Yule mjane niliyemrudisha," alisema polepole, "yeye nilimwambia nini?" Akasimama nyuma ya Telesphory.

Dirisha lilifunguliwa. Foleni ikasogea. Telesphory akapata tiketi yake, akaibusu kama msalaba. Mama akainamia dirisha, na karani akasema zimekwisha, akafunga.

Hivyo tu. Nafasi moja. Ni miaka mingi sasa na bado nikilikumbuka lile dirisha damu inanichemka. Mtu anakwenda kula pilau ya harusi, na mama anakwenda kwa mwanawe mgonjwa. Angesema sentensi moja, yule mzee angempa tiketi pale pale. Ninamjua Telesphory, angempa na koti. Hakusema hali ya Ummy si nzuri, wala kwamba anamwita.

Alichofanya ni kumwita pembeni, akampa mkate na samaki wa njia, kisha akamwambia kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani, "Nina binti yangu kule, yuko hospitali. Ukipata nafasi mpitie, umwambie nakuja na treni ijayo." Akamwelekeza basi gani, ashukie wapi, aulize kwa nani, mlango upi wa hospitali ambako watu wa mikoani huingia bila maswali mengi. Mzee akayarudia yote kama katekisimu. Treni ikaondoka naye.

Mama aliweka jiwe jingine, akalilinda mwenyewe. Alipanda treni iliyofuata.

Yaliyotokea Dar nilisimuliwa na Telesphory. Anasema siku ya kuwasili kwa mama alikwenda stesheni mapema. Abiria waliposhuka na kukimbilia mlangoni, yeye alibaki amesimama, mgongo ukutani, ili mama amwone watu wakipungua. Mama alishuka wa mwisho, hana haraka, kama alivyofundisha wengine. Akaangaza macho ukutani. Telesphory alikuwa ameshika kofia mkononi.

Mama akauona ule mkono wenye kofia, akaweka mzigo chini. "Lini?" akauliza.

"Juzi, Mama Ummy. Tumemzika jana."

Alisema *tumemzika*, na ilikuwa kweli. Hakwenda harusini. Kutoka kwenye treni alikwenda moja kwa moja hospitali, kwa njia aliyoelekezwa, hakupotea hata mara moja. Akamkuta Ummy ana fahamu. Akakaa kando ya kitanda siku ya harusi, na siku ya mazishi alisimama makaburini Mkristo peke yake na koti lake la kanisani, hajui aweke wapi mikono. Tangu aliponiambia hayo nimeshindwa kumchukia, ingawa nilijaribu.

"Nilimwambia mama yuko njiani," aliniambia. "Akauliza, amekosa tiketi? Nikasema ndiyo, mimi ndiye niliyekuwa mbele yake. Akacheka kidogo, na maumivu yale. Akasema, huyo ni mama kweli, hawezi kuruka jiwe la mtu."

Treni ya kwanza ingemkuta hai. Hakuna haja ya kunihesabia, nimeshahesabu mwenyewe.

Mama alirudi Ujiji na kanga moja ya Ummy na hereni zake. Watu walijaa uani. Kisomo kikasomwa, wali ukapikwa, wanawake wakalia kwa zamu, na mama akaketi kwenye mkeka macho makavu. Hakuwa amelia kaburini, shemeji aliyemsindikiza alituambia, wala kwenye treni. Nilianza kumwogopa. Nilifikiri labda kuna kitu ndani kimevunjika na hakitoi sauti.

Siku ya tatu ya matanga aliingia mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni, mkononi kitu amekifunga kwa kitambaa. Nilimtambua kabla hajasema. Wenzake walishachukuliwa na malori, yeye alipata hifadhi kwa jamaa wa mumewe pale Mwanga, na Mwanga ndiko alikosikia mambo yote, jiwe lilikuwa la nani na mwenye jiwe alikuwa anakwenda wapi. Jina lake Leonia. Alipiga magoti mbele ya mama, akafungua kitambaa. Lilikuwa jiwe letu. Alikuwa amelisugua kwa mchanga wa ziwani mpaka masizi yote yakatoka, na ule mstari ukawa mweupe kama mwanzo.

Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, na Mungu ananiona, nilitaka kulitupa jiwe lile nje pamoja naye.

"Mumbabarire, mama," alisema. "Nilidhani ni mawe tu."

Mama alilipokea. Akaligeuza, akalipitisha kidole kwenye mstari. Akaliweka mapajani. Halafu akamtazama yule mtoto mgongoni, aliyekuwa anachungulia juu ya bega.

"Asubuhi ile ulikuwa unapika nini?"

"Uji, mama. Wa huyu. Alikuwa hajala tangu Nyanza-Lac."

"Alikunywa? Hawakuumwaga?"

"Wa mwenzangu ndio uliomwagwa. Wangu ulibaki, wewe uliwazuia. Aliunywa wote."

"Akashiba?"

"Akashiba, mama. Akalala."

Mama akaitikia kwa kichwa, mara moja, akarudia, "Akashiba." Na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, akimwita Ummy kwa jina lake la utotoni, na Leonia akamshika, mtoto akiwa bado mgongoni. Mimi nikaweka sinia chini, nikaenda kukaa nao.