Shaba ya Mlango wa Jikoni

Servais Dodémont aliweza kutengeneza skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, lakini mlango wa jikoni kwake ulikuwa haufungi. Mimi ni jirani yake hapa Cheratte, mji mdogo karibu na Liège, ukuta kwa ukuta, na mlango huo nimeusikia kuliko nilivyoziona skrubu. Upepo ukipanda kutoka mtoni, ulikuwa unaubamiza mpaka vikombe vyetu vinatetemeka kabatini.

Alikuwa fundi wa kiwanda cha bunduki, kama sisi sote. Tulipostaafu, wengine tulifuga njiwa wa mashindano. Yeye akaamua kuunda magobori ya kale, yale ya kushindilia baruti mdomoni, ila kwa kipimo cha robo. Robo ya mtutu, robo ya kitako, robo ya mdeki, ule ufito wa kushindilia. Na yanalia kweli ukiyapa baruti chembe mbili tatu. Kazi nzuri, sikatai. Lakini muulize gobori kama hilo litaua mnyama gani, atakununia wiki nzima.

Mbao hazikumsumbua. Kilichomtoa jasho ni vile vipande vya kulivika gobori: bamba la kitako, kinga ya kifyatuo, vipete vya kushika mdeki. Sharti viwe vya shaba ya manjano, tena si shaba yoyote tu. Yuko Mjerumani mmoja anayeviuza vikiwa tayari, unaagiza kwa posta. Servais aliagiza mara moja, akavitazama, akampa paka achezee.

"Hii shaba ya siku hizi inang'aa kama meno ya bandia," aliniambia kwa hasira. "Ya zamani ina rangi ya siagi, Toussaint. Siagi!"

Basi akawa mwinda shaba. Kila Jumapili alikuwa kwenye gulio la Batte, kule Liège, anakwangua vinara vya watu kwa tupa ndogo, mpaka wauzaji wakimwona wanafunika meza. Padri wetu naye alianza kumsindikiza hadi nje baada ya misa, na haukuwa upendo, alikuwa analinda altare. Siku ya kumzika binamu yake alipewa heshima ya kubeba jeneza. Nikamwona anapapasa kishikio, anakigeuza kwenye mwanga. Ilibidi nimkanyage mguu.

Mkewe, Ghislaine, alikuwa na ombi moja tu, nalo ni huo mlango. Kishikio kilikuwa kimelegea na ulimi wa kitasa hauingii tena. Usifikiri alikuwa mama wa kuogopa bisibisi. Ujana wake wote aliumalizia kiwandani, kwenye mashine za kutoboa mitutu. Mke wangu alimuuliza kwa nini asiutengeneze mwenyewe, mambo yaishe.

"Nataka autengeneze yeye," Ghislaine alisema. "Nijue kama bado ananiona humu ndani."

Majira ya majani kupukutika, Servais alikifungua kile kishikio akaondoka nacho kibandani kwake. "Nakwenda kukitengeneza," alisema. Ghislaine alifurahi mpaka akaoka keki ya wali na maziwa, akatuletea nusu nzima. Mlango akaufunga kwa soksi kuukuu, akangoja. Baridi ikaingia. Kila akiuliza, anajibiwa, "Nakishughulikia, mama, nakishughulikia." Na kweli alikuwa anakishughulikia.

Karibu na Krismasi, chama cha waunda silaha ndogo kilifanya maonyesho Liège. Niliwapeleka kwa gari langu. Ghislaine alivaa koti lake la sikukuu na kupaka rangi midomo. Mwamuzi mkuu, Bwana Halleux, aliinamia gobori la Servais na lenzi yake, akalikagua kama anatafuta chawa.

"Shaba hii, Bwana Dodémont!" akasema. "Wenzako wamezunguka nchi nzima hawajaipata. Umeitoa wapi?"

Mtu mwenye akili angejibu gulioni. Lakini Servais akisifiwa hujisahau.

"Nyumbani! Kishikio cha mlango wa jikoni. Nilikipitisha tupa kidogo tu, nikaona siagi. Hapo moyo ukakataa kukirudisha, nikakiyeyusha."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mmoja akauliza, "Na mlango je?"

"Upo! Mama kaufunga kwa soksi!"

Wakacheka zaidi. Ghislaine naye alikuwa anacheka, nikadhani, mpaka nilipomtazama vizuri. Aliisogelea meza, akaiinamia kinga ya kifyatuo.

"Kumbe ndicho hiki," akasema. "Kimetoka vizuri." Akafunga vifungo vya koti akaenda kupanda basi.

"Mfuate, mjinga wewe," nikamwambia Servais.

"Ngoja kwanza watangaze."

Wakatangaza: nishani ya kwanza. Ikabidi ainywee, na mimi dereva nikakaa kumsubiri nikiwa nimefura.

Tulifika jua likizama. Akazunguka uani kama kawaida yake, nishani kifuani, mimi nyuma yake. Mlango ulikuwa umefungwa. Umefungwa kweli, kwa kitasa kipya cha chuma, cha rahisi kabisa.

"Ghislaine! Fungua, nimeshinda!"

"Najua. Nilikuwepo."

"Nani katengeneza mlango?"

"Mimi. Kahawa ilikuwa haijachemka, nimeshamaliza."

"Sasa si ungefanya hivyo tangu zamani, mama, kuliko kuteseka?"

"Niliteseka kwa baridi, Servais? Wewe unadhani ni baridi?"

Mimi nilisimama pale nimeshika kofia, naomba jamaa aseme neno moja. Nisamehe, basi. Hata mlevi angelipata. Nilimpenda na nikatamani kumzaba kofi, vyote kwa pamoja.

Servais aliinama, akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya kitasa. Katika kazi yetu, mifuo ya skrubu, pale bisibisi inapoingia, lazima yote ielekee upande mmoja, sambamba na mtutu. Fundi anayeiacha ovyo hula chakula chake peke yake. Ya Ghislaine ilikuwa imeelekea kila upande.

"Mama," akasema kwa upole, na naapa alikuwa na nia njema, "skrubu zako zimekaa vibaya. Nipe bisibisi hapo dirishani nikuwekee sawa."

Tukasikia kiti kinasogezwa, halafu taa ya jikoni ikazimwa.