Nusu Saa ya Banda la Mbegu

Mioyo ya wanawake kumi inawezaje kupanda na kushuka kwa pamoja, alasiri baada ya alasiri, wakati hakuna anayewaongoza? Daktari Auma aliniuliza swali hilo ofisini mwake Nairobi, huku akinigeuzia kompyuta. Kwenye skrini kulikuwa na mistari ya rangi tofauti, na yote ilipinda kwa pamoja kama shamba la ngano linapopitiwa na upepo. Nilijibu kwamba huenda vyombo ni vibovu.

"Vyote?" akauliza.

Mtu akitaka kuninyima usingizi, aniache na swali la namna hiyo.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa kwanza nje ya chuo, shahada ya hesabu mkononi, nikiwa msaidizi katika utafiti ulioleta pamoja watu wasiozoea kukaa meza moja: wa afya, wa teknolojia, wa sera za kazi, na mimi wa namba. Tulikuwa tukichunguza banda moja la kuchambua mbegu za mahindi nje ya Eldoret. Wafanyakazi walivaa bangili za kupima mapigo ya moyo. Kwa ajili ya utafiti wetu, kampuni ilikubali kuwapa nusu saa ya kupumzika alasiri, jambo ambalo halikuwapo hapo awali. Tukithibitisha kwamba nusu saa hiyo inawasaidia kiafya, ingependekezwa iwe haki yao. Namba zetu zikikataliwa, ingefutwa.

Daktari Auma alikuwa na hofu kwamba wanawake wale wanatuchezea, kwamba wamekubaliana kufanya kitu fulani ili mistari ipendeze. Tena mstari mmoja ulikuwa wa mtu ambaye hakuwepo kabisa bandani. Mama Wanjiru alikuwa mgonjwa nyumbani kwake Ainabkoi, lakini saa ilipofika moyo wake ulipinda pamoja na wa wenzake.

"Amempa mwenzake bangili," nilisema.

"Basi nenda ukaone iko kwenye mkono wa nani."

Tuliondoka Nairobi asubuhi, mimi na Kiprono, fundi wa zile bangili, kwenye pikapu ya mradi. Kiprono ni kijana wa Sugoi, mpole, anayependa kuendesha gari huku akila karanga. Mpaka Nakuru tulibishana kuhusu mpira. Baada ya hapo barabara ikaanza kupanda, redio ikaanza kukwaruza, na yeye akaizima.

"Unajua hilo banda ni la aina gani?" akaniuliza.

"La mbegu."

"Hapana, sikiza. Zamani kulikuwa na mabenchi. Meneja akaona watu wanakaa sana, akayatoa yote. Akasema atakayechoka asimame kwa ukuta. Sasa wale akina mama wakaanza kuegemeana, mgongo kwa mgongo, wawili wawili, chini kwa magunia. Mapumziko yalipokuja, wakaendelea hivyo hivyo. Mabenchi hawakuomba tena."

"Hiyo ni busara tu."

"Sijasema si busara. Nasema tu mimi sikai mle ndani saa tisa. Nikibadilisha betri, naenda zangu nje."

"Unaogopa akina mama waliolala?"

"Hawalali, dada," alisema. "Hiyo ndio shida."

Timboroa tulikuta ukungu umeshuka mpaka kwenye lami. Kiprono aliwasha taa na kupunguza mwendo. Miti ilikuwa ikijitokeza mmoja mmoja kando ya barabara, kisha ikifutika. Kuna mahali tulimpita mwanamke aliyesimama na mtungi wa maziwa, ametulia tuli, na nilipogeuka kumtazama sikuona mwanamke wala mtungi. Nilijiambia kwamba ukungu ndivyo ulivyo. Ilikuwa kweli, ila nilitamani Kiprono aiwashe redio.

Eldoret tulifika mchana. Mradi ulikuwa umetukodishia vyumba Elgon View, kwenye nyumba kubwa yenye ua wa michongoma uliokatwa vizuri na geti lililofunguka bila mlio. Sikumwona mtu mtaani. Magari yaliingia nyuma ya mageti na mageti yakafungwa. Niliweka begi langu, nikanywa chai, nikaenda bandani siku hiyohiyo. Sikutaka wanawake wale wapate muda wa kujitayarisha.

Banda lile liko kando ya barabara iendayo Ainabkoi, la mabati, refu, na ndani kuna mashine moja inayotikisa mahindi kwenye chekeche kubwa. Mlio wake unaingia mpaka kwenye meno. Getini Kiprono alinifunga bangili moja ya majaribio, kisha tukaingia. Wanawake walikuwa wamesimama pande mbili za meza ndefu, wakiokota punje zilizovunjika. Vidole vyao vilikuwa na rangi ya waridi kwa sababu ya dawa ya mbegu, na vumbi lilikuwa limetanda hewani kama moshi. Msimamizi wao, Mama Chebet, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha kijani kichwani, alinijia akijipangusa mikono.

"Wewe ndio madam wa hesabu?" alipaza sauti kushinda mashine.

"Ndio, Mama."

"Umekuja kuhesabu kama tunapumua?"

Wenzake wakacheka. Mmoja wao akasema, "Mwambie mimi napumua mara mbili, moja yangu, moja ya meneja."

"Nimekuja kuangalia bangili tu," nikasema.

"Angalia. Hata viatu uangalie. Lakini uangalie vizuri, kwa sababu tumesikia mnataka kuirudisha hiyo nusu saa mlikoitoa."

Nilizunguka meza nzima. Kila bangili ilikuwa kwenye mkono wa mwenyewe, na nambari zilikuwa sawa na zangu. Bangili ya Mama Wanjiru haikuwepo. Nilitazama hata mifukoni, na walinyoosha aproni zao bila kukasirika, wakitaniana kuhusu vilivyomo: peremende, leso, na ndizi moja iliyolainika.

Saa tisa mtu akazima mashine.

Sijui nielezeje ule ukimya. Masikio yalikuwa yamezoea kelele kiasi kwamba utulivu ulikuja kwa kishindo. Wanawake waliketi kwenye magunia matupu katikati ya banda, wawili wawili, mgongo kwa mgongo, macho wazi, wakitazama mbele. Mlangoni ukungu ulikuwa umefika na kusimama kama mtu anayengoja kukaribishwa. Kiprono alikuwa ameshatoka.

Mama Chebet peke yake hakuwa na wa kumwegemea. Alikaa wima, nyuma yake gunia likiwa wazi.

"Kaa hapo," aliniambia, bila kugeuka.

"Mimi ni wa kutazama tu, Mama."

"Hiyo nafasi ni ya Wanjiru. Mgongo wangu umechoka na hewa. Kaa."

Nikakaa. Mgongo wake ulikuwa wa moto na mpana. Nilijua hasa jambo nililokuwa nikichunguza, kwa hiyo niliamua kujilinda nalo: nilianza kuhesabu namba tasa kimoyomoyo, mbili, tatu, tano, saba, ili akili isilegee. Nilisikia pumzi yake ikinisukuma mbele kidogo kisha ikiniachia. Magunia yalikuwa yamegusana, kwa hiyo mama wa mwisho akisogea, nami nilisikia. Wakati fulani niligundua kwamba sihesabu tena, na sikukumbuka nilikomea wapi.

Ndipo nikahisi kitu kikipita mgongoni mwa Mama Chebet, mtikisiko mfupi, mkavu, kama wa mtu anayekohoa. Ukarudi mara ya pili, na ya tatu. Nilitega sikio. Bandani hakuna aliyekohoa. Hakukuwa na sauti yoyote.

"Pole, Wanjiru," alisema Mama Chebet taratibu.

"Pole, Wanjiru," wakaitikia wengine, kila mmoja akitazama mbele yake.

Nilitaka kuinuka lakini niliona aibu, au labda niliogopa kuutoa mgongo wangu pale. Mashine ilipowashwa tena, wanawake waliinuka, wakajikung'uta, na yule wa kupumua mara mbili akaniuliza Nairobi tunakula nini hata nimekonda hivyo.

Kesho yake tulikwenda Ainabkoi. Mama Wanjiru alikuwa amekaa nje, kwenye kigoda, ameegemea ukuta wa nyumba yake ya mbao, blanketi mabegani. Wazazi wake walihamia hapa kutoka upande wa Nyandarua kabla hajazaliwa, na kwa muda mrefu alikuwa na duka dogo la nyanya na sabuni kabla ya kwenda bandani. Vumbi lilikuwa limemwingia kifuani. Alizungumza maneno machache, kisha akapumzika, kisha machache tena.

"Karibu, msichana wangu. Chai iko ndani, Kiprono anajua mahali."

Nilimwomba mkono. Bangili ilikuwepo. Nilipoilegeza, ngozi ya chini yake ilikuwa imepauka, pete nzima ya weupe kuzunguka kifundo, yenye alama ya mshono wa ule ukanda. Bangili hiyo haikuwa imetoka pale kwa muda mrefu.

"Mama, saa tisa huwa unafanya nini?"

"Nakaa hapa. Naegemea."

"Wenzako walikwambia ufanye hivyo?"

"Nani angenituma kukaa?" Alicheka, na kicheko kikageuka kuwa kikohozi. Nilingoja kipite. "Nimekaa na Chebet tangu watoe mabenchi. Mgongo unajua saa yake. Nikiegemea ukuta, ukuta unakuwa yeye."

"Na unajuaje wanapoanza?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza anajuaje kwamba ana njaa.

"Jana kifua kilinibana vibaya saa hiyo," alisema. "Nilikohoa mpaka machozi. Walisikia?"

Kiprono alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Aliniangalia, nami nikaangalia chini.

"Sijui, Mama," nikasema. Lilikuwa jibu la kweli kuliko yote niliyotoa katika safari ile.

Alinishika mkono kabla sijaondoka. "Mtatuondolea nusu saa?"

"Si mimi ninayeamua."

"Najua. Lakini wewe ndio umekuja." Alivuta pumzi. "Wamesema nikirudi watanipa kushona magunia huko nje, mbali na vumbi. Daktari wa kifua ameniruhusu, ila amesema lazima nipumzike alasiri. Ikitolewa nusu saa, mimi nimekwisha na kazi. Na nikikaa hapa siku zote peke yangu na huu ukuta…"

Tulirudi Nairobi siku iliyofuata, mvua ikitunyeshea mpaka Nakuru. Njiani nilijaribu kueleza kila kitu. Watu walioegemeana husikia pumzi ya mwenzao na kuifuata bila kukusudia, na moyo nao huenda kasi kidogo mtu anapovuta pumzi na kupoa anapoishusha. Hayo yaliwatosha wale wa bandani. Hayakumtosha mwanamke aliyeegemea mbao kilomita nyingi kutoka pale. Niliwaza kwamba huenda alisikia king'ora cha mbali, au kwamba mazoea yana saa yake. Lakini kuanza pamoja ni jambo moja. Kubaki pamoja, pumzi kwa pumzi, ni jambo jingine, na hesabu zangu hazikuniruhusu kujidanganya.

Niliandika nilichokiona. Sikumtoa Mama Wanjiru kwenye mistari, ingawa Daktari Auma alinishauri hivyo kwa nia njema.

"Bila yeye, taarifa ni safi," alisema. "Tukimwacha humo, kampuni itasema ndiye ushahidi kwamba walipanga."

"Tukimtoa, tunasema hakuwepo."

"Hakuwepo."

"Unajua ninavyomaanisha, Daktari."

Alisoma ukurasa mara mbili. "Umeandika 'sijui' mara nyingi mno," alisema, kisha akautia sahihi.

Kampuni ilisema hivyohivyo, kwamba akina mama walipanga. Shauri likapelekwa kwa wapatanishi, nusu saa ikaachwa iendelee huku uamuzi ukingojwa. Mimi nilipata kazi nyingine. Kutoka Eldoret nilijifunza jambo dogo ambalo chuoni sikufundishwa: mtu anayeshuku kila kitu anapaswa kushuku pia mahali alipojiweka ili kutazama. Nilidhani nimelielewa.

Zaidi ya mwaka mmoja baadaye Kiprono alinipigia simu. Wapatanishi walikuwa wametaka kitu kimoja tu: moyo wa mtu ambaye hakuwa na faida yoyote katika nusu saa ile, mtu asiyeweza kupanga na wenzake. Alikuwa akipekua kumbukumbu za zamani, akapata mstari mmoja usio na jina, wa alasiri moja tu. Ulianza ukienda kombo, alisema, ukirukaruka kama wa mtu anayebishana na nafsi yake. Kisha ukaingia kwenye mkondo wa wengine, na haukutoka humo mpaka mashine ilipowashwa.

"Ni wa nani?" nikamuuliza.

"Hukumbuki nilikufunga ile bangili ya majaribio pale getini, dada?" alisema Kiprono. "Ni wako."