Swichi ya Sauti Laini

Jumapili iliyopita rafiki yangu wa Mpendae alitualika wageni watatu tusikilize taarabu kwa kisanduku chake kipya. Kisanduku hicho hupokea tarakimu za CD, huzizidisha na kuzichuja, kisha huzigeuza kuwa sauti. Kina swichi ya kuchagua mchujo mkali au laini.

Mkewe alipoingia na kahawa, mwenyeji wetu alikuwa amekunja uso.

"Nani kagusa swichi hii? Fidla zimefifia."

"Nlipangusa vumbi asubuhi," mkewe akajibu.

"Nshakwambia usiguse usivyovijua. Masikio huna, na akili pia huna?"

Mkewe akaweka sinia chini, akarudi jikoni.

Mwenyeji akairejesha swichi kwenye mchujo mkali. "Sasa je?"

Tukaitikia kwa vichwa, tukasema kweli, fidla zimefunguka.

Mgeni mmoja akachungulia nyuma ya meza. "Shekhe, waya wa kisanduku umechomoka. Muziki unatoka kwenye pleya ya CD moja kwa moja, haupiti kisandukuni."

Mwenyeji aliuchomoa mwenyewe jana yake akijaribu waya mwengine, akasahau kuurudisha. Swichi haikuwa ikibadilisha chochote. Uso ukamshuka, akaenda jikoni. Tukamsikia: "Niwie radhi."

"Kunitukana umenitukana mbele yao," mkewe akasema.

Wakarudi pamoja, na pale mlangoni mwenyeji akamwomba radhi tena mbele yetu, macho chini. Mkewe akaitikia, kisha akatugeukia sisi.

"Na nyinyi, hizo fidla mlizisikia?"

Mimi, ambaye kila wiki sikosi la kusema katika safu hii, nikatazama mkeka.